Alianza na papai bichi na rupia 10,000: masomo 7 ya biashara kutoka kwa Kiran Mazumdar-Shaw

Posti ya leo ni ndefu, nawaambia mapema. Kama uko kwenye daladala au unamsubiri boda aje kuchukua mzigo, isevu kwanza, utaisoma ukitulia. Ila isome mpaka mwisho, maana somo la mwisho ndilo lililoniokoa mimi.

Wengi humu mnanijua kwa rojo yangu ya kulainishia nyama, ile ya papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu. Wachache wanajua kwamba mwaka jana nusura niache hii biashara.

Ilikuwa hivi. Dada mmoja wa Tabata aliniagizia makopo 12 kwa ajili ya mishkaki ya sherehe ya kumuaga binti yake. Oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Siku hiyo papai nililozoea nilikosa, nikachukua kwa muuzaji mwingine, na kwa haraka nikapima kwa macho. Nikaona kama limepungua nguvu, nikaongeza. Dada wa watu akalowanisha nyama usiku kucha. Asubuhi nyama ikawa kama uji. Unaichoma kijiti, inadondoka.

Akaja kwenye komenti na picha. Mimi nilifanya nini? Nikafuta komenti, nikamblok. Nikajiambia hana adabu, mbona hakuja inboksi. Baada ya siku tatu mpwa wake akaisambaza ile picha kwenye magrupu ya kina mama, na neno moja tu juu yake: TAPELI. Nilikuwa napata oda nane au tisa kwa siku. Zikawa mbili. Kuna siku hata moja haikuingia.

Katika zile wiki za kukaa na makopo ndani, nikaanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza siku ya kwanza: hivi papai linafanya nini kwenye nyama? Nikaanza kusoma. Nikajua kwamba utomvu wa papai bichi una kitu kinaitwa papaini, ni kimeng'enya, kazi yake ni kukatakata protini. Ukikiacha muda mrefu au ukizidisha, hakijui kusimama, kinaendelea kukata tu. Na humo humo kwenye kusoma habari za papaini nikakutana na mama mmoja wa India ambaye kampuni yake ilianza na hiyo hiyo papaini, na leo inatengeneza insulini na dawa za saratani. Anaitwa Kiran Mazumdar-Shaw. Kampuni yake ni Biocon.

Sikulala usiku ule. Nataka niwape masomo saba niliyoyapata kwake, na kila somo nitakwambia la kufanya kwenye biashara yako ya mtandaoni.

SOMO LA 1: MLANGO UKIFUNGWA, UJUZI WAKO BADO UNAO

Kiran alizaliwa mwaka 1953 nchini India. Alitaka kuwa daktari, nafasi akaikosa. Akasoma zuolojia, elimu ya wanyama, akamaliza mwaka 1973. Baba yake alikuwa mkuu wa upishi wa bia kwenye kampuni kubwa ya bia ya India. Ndiye aliyemwambia: kwa nini usisome uchachushaji?

Fikiria India ya miaka hiyo, binti anaambiwa akasome kupika bia. Akaenda Ballarat, Australia. Darasa zima mwanamke alikuwa peke yake, na akaongoza darasa. Mwaka 1975 akarudi nyumbani akiwa mpishi mkuu wa bia mwenye cheti.

Kazi hakupata. Alifanya vibarua vya ushauri na ufundi huku na kule, Calcutta na Baroda, lakini cheo cha mpishi mkuu hakuna aliyempa. Waliona hiyo ni kazi ya mwanaume.

Sasa sikiliza. Alichonyimwa ni cheo. Ujuzi haukuchukuliwa na mtu. Kichwani bado alijua namna ya kutunza vijidudu vidogo visivyoonekana, kuvilisha, kuvipa joto sahihi na kuvifanya vikutengenezee kitu unachotaka. Bia ni matumizi mamoja tu ya ujuzi huo. Yako mengine mengi.

La kufanya: Chukua karatasi. Usiandike "nauza nini", andika "najua nini". Wewe unayeuza mitumba, huenda unachojua hasa ni vitambaa. Wewe unayeuza simu, huenda unachojua hasa ni kumsikiliza mtu na kujua anachohitaji. Bidhaa inaweza kukwama bandarini, inaweza kushuka bei. Ujuzi unabaki na wewe.

SOMO LA 2: TAFUTA MNUNUZI KABLA YA KUTAFUTA MTAJI

Alipokosa kazi India, alipata nafasi Scotland. Yuko kwenye maandalizi ya kuondoka, akakutana na bwana mmoja wa Ireland, Leslie Auchincloss, mwenye kampuni ya vimeng'enya iliyoitwa Biocon Biochemicals, mjini Cork. Huyu bwana alikuwa anatafuta mtu India wa kuanzisha naye kampuni.

Kiran hakuruka kichwa kichwa. Aliweka sharti: nijaribu miezi sita, nikiona haiendi, unihakikishie kazi ya upishi wa bia ya kiwango kile kile ninachokiacha. Yule bwana akakubali. Ona hiyo akili. Watu wanapenda kusimulia ujasiri wa wafanyabiashara, hawasimulii kwamba kabla ya kuruka walipima urefu wa shimo.

Mwaka 1978 Biocon India ikaanza, kwenye banda la kuegeshea gari la nyumba aliyopanga, Bangalore. Mtaji rupia 10,000, kama dola 1,200 za wakati ule. Bidhaa za kwanza zilikuwa mbili. Ya kwanza papaini, kutoka kwenye papai, ya kulainishia nyama, na viwanda vya bia huitumia pia ili bia isiwe na ukungu ikipoa. Ya pili ilitoka kwenye vibofu vya samaki, ya kusafishia bia ikae angavu. Ndugu zetu wa Mwanza na Musoma hapo mmeshaelewa, ni yale yale mabondo mnayoyajua. Kwa hiyo mama huyu alianza na papai na mabondo. Si maabara ya kwenye sinema.

Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anapeleka vimeng'enya Marekani na Ulaya, kampuni ya kwanza ya India kufanya hivyo.

Lakini msidanganyike na ile rupia 10,000. Wengi wakisimulia habari hii wanaishia hapo: "alianza na pesa kidogo, na wewe unaweza." Pesa ilikuwa kidogo, ndiyo. Ila alikuwa na elimu ya darasa, alikuwa na baba anayeijua sekta, na alikuwa na mshirika wa nje aliyekuwa tayari yuko sokoni. Huo wote ni mtaji. Tofauti yake na wengi wetu ni kwamba sisi tunanunua mzigo kwanza, halafu ndiyo tunaanza kuwatafuta wanunuzi kwenye stetasi.

La kufanya: Kabla hujaagiza mzigo mpya, tafuta watu watano watakaokulipa nusu mapema. Si watu watakaosema "nzuri jamani, hongera". Watakaolipa. Ukiwakosa watano, huo mzigo usiuagize bado.

SOMO LA 3: JUA KILICHO CHAKO NI KIPI

Sheria za India za wakati ule ziliwawekea wageni kikomo cha umiliki wa kampuni. Kwa hiyo Kiran akawa na asilimia 70, Waayalandi asilimia 30. Siku ile ilionekana kama jambo la makaratasi tu.

Mwaka 1989 Unilever wakainunua ile kampuni ya Ireland. Ghafla mshirika wake si yule bwana wa Cork tena, ni jitu kubwa la dunia. Mwaka 1997 Unilever nao wakaiuza idara hiyo kwa kampuni ya ICI ya Uingereza. Mshirika amebadilika tena bila yeye kuulizwa. Mwaka 1998 yeye na mumewe John Shaw wakakusanya dola milioni 2 na kuzinunua zile hisa zilizokuwa kwa ICI. Kampuni ikawa yao.

Kama angekuwa na asilimia 30 na wao 70, leo tusingekuwa tunamzungumzia.

Sasa turudi kwetu Mbagala. Ukurasa wangu wa kwanza niliufungua kwa laini ya binamu yangu, maana simu yangu ilikuwa mbovu. Lipa namba nayo ilikuwa kwa jina lake. Tuliishi vizuri mpaka siku tuliyokosana kwa jambo la kifamilia kabisa, halihusiani na biashara. Nilikaa siku kumi na moja sioni pesa zangu na siwezi kujibu wateja. Tulipatanishwa na mama mkubwa, na tunaongea vizuri tu siku hizi. Lakini siku ile nilijifunza kwamba biashara niliyoita yangu haikuwa yangu.

La kufanya, leo, usisubiri kesho: Ukurasa wako umesajiliwa kwa namba ya nani? Barua pepe ya kurudishia nywila ni ya nani? Lipa namba iko kwa jina la nani? Jina la biashara limesajiliwa BRELA au liko mdomoni tu? Namba za wateja umeziandika kwenye daftari, au zote ziko kwenye simu inayoweza kuibiwa Kariakoo saa hii? Majibu yakiwa ya mtu mwingine, anza kuyarudisha taratibu na kwa amani.

SOMO LA 4: WASIPOKUAMINI, USIBISHANE, JENGA USHAHIDI

Kiran mwaka 1978 alikuwa na miaka 25. Alienda benki moja baada ya nyingine kuomba mkopo. Walimwona binti, walimwona mdogo, na biashara ya vimeng'enya hawakuielewa. Kuna waliotaka baba yake ndiye awe mdhamini. Mkopo wa kwanza aliupata baada ya kukutana na ofisa wa benki kwenye hafla na kumweleza anachofanya.

Wafanyakazi nao hawakumtaka. Nani aache kazi ya uhakika aende kwenye banda la gari la binti? Mfanyakazi wake wa kwanza alikuwa fundi magari mstaafu. Umeme ulikuwa wa kukatika, maji safi ya shida, vifaa vya kisasa hakuna.

Najua baadhi yenu mnasema, huyo ni mimi kabisa. Mimi nilienda kuomba mkopo sehemu moja nikaulizwa "mume wako anafanya kazi gani?" kabla hata sijaulizwa nauza nini. Nikakasirika, nikatoka. Nusura niingie kwenye kausha damu. Mungu alininusuru.

Kiran hakuanza na kuwabadilisha watu mawazo. Alianza na kuuza. Mzigo uliofika Marekani na kulipiwa ni ushahidi ambao ofisa wa benki hawezi kubishana nao.

La kufanya: Tunza ushahidi. Andika kila mauzo, hata ya elfu mbili. Fungua kijitabu cha mapato na matumizi. Pitisha pesa za biashara kwenye namba moja ili baada ya miezi sita uweze kuchapisha taarifa ya miamala na kumwekea mtu mezani. Kwa mteja mpya anayeogopa kutapeliwa, usimwandikie "mimi ni mwaminifu" mara kumi. Mpe namba za wateja watatu waliokubali kupigiwa. Hiyo inatosha.

SOMO LA 5: FAIDA YA KWANZA SI YA KULA

Mwaka wa kwanza ulipoisha, mapato aliyopata Kiran hakuyafanyia sherehe. Alinunua ardhi, ekari 20, akiwa bado kampuni iko kwenye kibanda. Watu walimshangaa. Alikuwa anaandaa mahali pa kampuni ambayo bado haipo.

Mwaka 1984 akaunda kikosi cha utafiti. Hapa naomba tuelewane. Utafiti ni matumizi ambayo mwezi huu hayaleti chochote. Mwaka 1987 akapata mtaji wa dola 250,000 kupitia mfuko ulioungwa mkono na Narayanan Vaghul wa ICICI, na pesa hiyo akaiingiza huko huko, kwenye kutengeneza teknolojia yake mwenyewe ya kuchachusha. Alitaka afike mahali ambapo mtu hawezi kuamka asubuhi akamuiga.

Wewe unayelalamika "nikipost kitu kesho wote wameshakileta", jibu liko hapo. Kitu kinachopatikana kwa kila mtu kitaigwa na kila mtu. Kile ulichokitafuta mwenyewe kwa miezi, ukakijaribu, ukakikosea, ukakirekebisha, hicho kinachukua muda kuigwa.

La kufanya: Kopo langu nauza 5,000. Nikitoa papai, viungo, kopo, lebo, bando na usumbufu, linanibakizia 1,900. Katika hiyo, 300 naiweka pembeni kwenye kibubu nilichokiandika "KUJARIBU". Siigusi kwa ada wala kodi. Ndiyo iliyoninunulia mzani wa kidijitali na vipimajoto viwili. Tenga kiasi chako, hata kama ni 100 kwa kila bidhaa, na usikidokoe.

SOMO LA 6: BIDHAA ILIYOKUTOA SI LAZIMA IKUZIKE

Hapa ndipo nilipomvulia kofia huyu mama.

Ukijua kulea vijidudu kwenye matangi ili vikupe vimeng'enya, unaweza kuvilea vikupe dawa. Biocon ikaingia kwenye dawa za kushusha kolesteroli. Kisha insulini. Mwaka 2004 wakaleta insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa kutumia chachu. Chachu, jamani! Binamu wa ile ile ya kuumulia maandazi. Ujuzi wa binti aliyenyimwa kazi kwenye kiwanda cha bia ndio ule ule, umepandishwa darasa.

Mwaka huo huo wa 2004 kampuni ikauza hisa kwa umma. Maombi yalikuwa mara 33 ya hisa zilizokuwepo. Siku ya kwanza sokoni ikafunga ikiwa na thamani ya dola bilioni 1.11.

Halafu mwaka 2007 akaiuza biashara ya vimeng'enya, ile iliyoanzia kwenye banda la gari, kwa kampuni ya Novozymes ya Denmark kwa dola milioni 115. Mtoto wa kwanza huyo! Lakini aliona nguvu zake zote zinatakiwa kwenye dawa, na kushika yote mawili ni kuchelewesha yote mawili. Mshika mbili moja humponyoka.

La kufanya: Angalia bidhaa zako zote za miezi mitatu iliyopita. Ipi inakula muda wako mwingi na kukuletea kidogo? Unaishikilia kwa sababu inalipa, au kwa sababu ndiyo uliyoanza nayo? Mimi nilikuwa nauza na kachumbari ya embe. Nilikuwa naipenda. Ilikuwa inanipotezea siku mbili kila wiki. Nimemwachia shoga yangu wa Yombo, nikampa na wateja wake.

SOMO LA 7: UKIKOSEA, SEMA

Hili sasa ndilo langu.

Kiran alikuwa na ndoto kubwa ya insulini ya kumeza, mgonjwa asichomwe sindano. Kampuni ikaweka miaka na pesa nyingi. Mwaka 2011 jaribio la hatua ya tatu likatoa matokeo: dawa haikufikia lengo kuu. Kampuni iliyo sokoni haiwezi kuficha hilo. Likatangazwa, kila mtu akasoma.

Mwaka uliofuata pigo jingine. Mwaka 2010 walikuwa wamesaini mkataba mkubwa na Pfizer wa kuuza insulini zao duniani, malipo ya awali dola milioni 200. Machi 2012 mkataba ukavunjika. Hebu fikiria umempata mteja wa jumla wa ndoto zako, umewatangazia ndugu wote, halafu mwaka na nusu baadaye mnatangaza mmeachana.

Hawakufunga. Waliendelea na kazi ya polepole. Desemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha dawa ya saratani ya matiti iliyotengenezwa na Biocon na mshirika wake Mylan, ya kwanza nchini humo kukubaliwa kuwa sawa na Herceptin, ambayo ni dawa ya gharama kubwa sana. Mwaka 2019 kampuni ikatangaza kuuza insulini ya binadamu kwa nchi za kipato cha chini na cha kati kwa chini ya senti 10 za Marekani kwa siku. Mama yangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Mnaojua gharama za sindano nyumbani, mnaelewa kwa nini niliisoma sentensi ile mara mbili. Mwaka 2020 Kiran akachaguliwa mjasiriamali bora wa dunia katika tuzo za EY.

Nikajitazama. Huyu mama kushindwa kwake kumesomwa na dunia nzima na bado wanamuamini. Mimi nimeficha komenti moja ya Tabata, na wateja wamenikimbia. Nikagundua waliokimbia hawakuikimbia nyama iliyolainika. Waliikimbia ile blok.

Siku iliyofuata nilimfungulia yule dada. Nikampigia, hakupokea. Nikatuma ujumbe wa sauti: "Shikamoo dada yangu. Mimi ndiye niliyeharibu nyama yako, kosa ni langu, nilipima kwa macho. Pia nilikukosea kukufungia. Naomba namba nikurudishie pesa ya makopo na ya nyama." Kilo kumi za nyama, jamani. Pesa hiyo ilitoka kwenye kikoba, nililipa kwa miezi minne.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaandika: "Marahaba. Pesa ya nyama nitapokea. Ya makopo kaa nayo, ukanunue mzani."

Kisha nikaweka posti hapa, mnaikumbuka wengine. Nikaeleza kilichotokea, picha ile ile ya nyama nikaiweka mwenyewe. Nikaandika kwamba kuanzia sasa papai linapimwa kwa gramu, kila pishi la rojo linajaribiwa kwenye nyama yangu kwanza, na kwenye kopo kutakuwa na maandishi: SAA MBILI TU, USILAZE USIKU. Wapo walionitukana. Niliacha komenti zao. Oda hazikurudi wiki ile wala mwezi ule. Zilirudi moja moja, na nyingi zilianza na neno "nimeona ulivyojieleza".

Yule dada wa Tabata hajawahi kuninunulia tena. Ni haki yake. Lakini mwezi wa pili mpwa wake aliagiza makopo matatu.

La kufanya: Ukiharibu, fanya mambo manne kwa mpangilio huu. Kubali kosa kwa maneno yaliyo wazi, usiseme "kama kuna aliyekwazika". Rudisha pesa au bidhaa. Eleza kilichosababisha. Onyesha ulichobadilisha. Na komenti usifute, isipokuwa yenye matusi au namba za simu za watu.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii chagua somo moja tu, usijaribu yote saba. Kama hujui uanze na lipi, anza na la 3, kaguaneni laini na majina ya akaunti, maana hilo halihitaji hata shilingi. Ukimaliza andika chini hapa namba ya somo ulilolifanya na kilichotokea, hata kama kimekushinda. Humu ndani tunajifunza kwa yaliyoshindikana pia.

Kama una mwenzako anayeuza mtandaoni na amekata tamaa, mtumie posti hii. Mimi narudi jikoni, kuna pishi liko kwenye mzani.